Maswali ya wasomaji: Maisha yaliyokatwa vipande katika vitabu vya Kifaransa

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea upande mmoja: wale waandishi wa Kifaransa wanaosimulia maisha yao wenyewe kwa vipande, na hapohapo jalada linasema ni riwaya. Tumechagua sita, nyingine tukazipunguza.

Ndugu wahariri, mhadhiri wetu ametaja neno "otofiksheni" na hakulieleza. Je, ni tawasifu ya uongo?
*Mwanafunzi wa fasihi, Dar es Salaam*

Hapana, ingawa kosa hilo ni la wengi. Neno lilitungwa na Serge Doubrovsky, Mfaransa aliyefundisha fasihi New York, akaliweka nyuma ya jalada la kitabu chake *Fils* mwaka 1977. Alichosema pale ni kwamba kitabu ni bunilizi ya matukio na mambo ya kweli tupu. Jina ni lake, mama aliyekufa ni mama yake, darasa analofundisha ni darasa lake. Kilichobuniwa ni usimulizi: miaka mingi imebanwa ndani ya siku moja, na sentensi zinakatika na kurukiana kama mtu anayeongea peke yake. Hata jina la kitabu lina mchezo, kwa maana *fils* likiandikwa laweza kuwa "mwana" au "nyuzi". Kwa Kiswahili mchezo huo unakufa. Mfasiri achague moja na asiumie roho.

Miaka miwili kabla yake, 1975, mhakiki wa Kifaransa Philippe Lejeune alikuwa ametoa *Le Pacte autobiographique*. Hoja yake ni nyepesi kuikumbuka: angalia jina. Jina la mwandishi kwenye jalada, la msimulizi na la mhusika mkuu likiwa moja, na kitabu kikaahidi ukweli, hapo pana agano la tawasifu. Jina la mhusika likiwa jingine, ni riwaya. Lejeune alichora jedwali la uwezekano wote, na chumba kimoja kikabaki kitupu: jina ni lilelile, ila kitabu kinajiita riwaya. Doubrovsky alimwandikia barua kumwambia kwamba chumba hicho ndicho alichotaka kukijaza.

Kwa Kiswahili sisi huandika "tawasifu-bunilizi". Ukisema "tawasifu ya kubuni" msomaji ataelewa kwamba mtu amejitungia maisha asiyoyaishi, na hiyo ni kinyume kabisa cha alichokusudia Doubrovsky.

Hapa kwetu kila mtu anasema *Petit Pays* ya Gaël Faye ni maisha yake. Ni kweli?
*Msomaji, Bujumbura*

Tumia kipimo cha jina. Mwandishi ni Gaël, msimulizi ni Gabriel, anayeitwa Gaby. Vinafanana makusudi: baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, utoto Bujumbura, vita, kuondoka kwenda Ufaransa. Lakini herufi zile zilizobadilika zinampa mwandishi ruhusa ya kumpa Gaby mambo ambayo hayakumpata yeye. Kwa kipimo cha Lejeune hii ni riwaya, na hata tuzo iliyopata mwaka 2016, ile ya Goncourt inayopigiwa kura na wanafunzi wa sekondari za Ufaransa, ni tuzo ya riwaya.

Vipande vipo, ila vimefichwa ndani ya hadithi inayokwenda mbele. Tazama barua ambazo Gaby anamwandikia Laure, rafiki yake wa kalamu wa Orléans. Zisome peke yake, moja baada ya nyingine, uone jinsi mtoto anavyomchorea mtoto wa mbali nchi ambayo yeye mwenyewe inamponyoka.

Ukitaka kuona tofauti, weka kando yake Scholastique Mukasonga wa Rwanda. *Inyenzi ou les Cafards* (2006) inasema mimi, jina langu, ndugu zangu waliouawa. *Notre-Dame du Nil* (2012) ni riwaya, na wahusika wana majina yao wenyewe. Mwandishi mmoja, historia moja, maagano mawili. Usikisome kitabu kimoja kwa macho ya kingine.

Nimenunua nakala ya mtumba ya *W ou le souvenir d'enfance* ya Georges Perec. Katikati kuna ukurasa wenye alama (…) tu, na baada ya hapo mpangilio umegeuka. Je, nimeuziwa kitabu kilichong'olewa kurasa?
*Msomaji, Goma*

Kitabu chako ni kizima. Kilichong'olewa kiling'olewa kabla hakijaandikwa.

Perec alizaliwa Paris mwaka 1936 kwa wazazi Wayahudi waliotoka Poland. Baba alikufa vitani mwaka 1940. Mama alikamatwa, akapelekwa Auschwitz mwaka 1943, hakurudi. Kitabu kilitoka 1975 na kina sura 37 zilizosukwa kwa nyuzi mbili. Uzi wa herufi za mlalo ni hadithi ya kubuni. Uzi wa herufi za kawaida ni kumbukumbu za utotoni, zinazoanza kwa mwandishi kukiri kwamba kumbukumbu hizo hana.

Sasa shika penseli. Katika sehemu ya kwanza, sura ya 1 hadi ya 11, hadithi ya kubuni iko kwenye namba witiri na kumbukumbu kwenye shufwa. Sura ya 11 ni ya kubuni, kwa hiyo unategemea ya 12 iwe kumbukumbu. Badala yake unakuta ukurasa ule wa nukta tatu ndani ya mabano, kisha sura ya 12 nayo ni ya kubuni. Zamu moja imerukwa. Kumbukumbu ya mwisho kabla ya ukurasa ule ilimfikisha mtoto kwenye kituo cha treni cha Gare de Lyon, akiagana na mama yake. Kumbukumbu ya kwanza baada yake inamkuta mafichoni milimani, hana mama. Pale katikati ndipo mama alipopotea, na kitabu hakina sentensi ya kuliweka jambo hilo. Kina mabano. Mwandishi mwingine angejaza machozi kurasa kumi, na sidhani kama tungeyakumbuka.

Hadithi nayo imebadilika. Kabla ya pengo ilikuwa ya mtu anayeishi kwa jina la Gaspard Winckler, jina alilopewa la mtoto bubu na kiziwi aliyepotea baharini, akitakiwa aende kumtafuta. Baada ya pengo mtoto hatafutwi tena. Tunaelezwa kisiwa kiitwacho W, kinachoishi kwa michezo ya Olimpiki tu, na sheria zake zinazidi ukatili sura kwa sura hadi msomaji anatambua kwamba anachosomewa ni kambi ya mateso.

Namna ya kukisoma: mara ya kwanza fuata mpangilio uliochapishwa, usiruke. Wengi huteleza hapa. Kisiwa kina mkasa, kumbukumbu ni kavu, basi wanaruka kumbukumbu. Wengine wanaruka kisiwa kwa kuwa "si kweli". Wote wanabaki na nusu isiyo na maana. Mara ya pili piga mstari chini ya kila kitu kinachotokea katika nyuzi zote mbili.

Kwa mfano, kule kuagana kituoni. Perec anakumbuka mama alimnunulia kijarida cha picha, jaladani Chaplin akiruka kwa parachuti iliyofungwa kwenye kanda za kuzuia suruali yake. Anakumbuka pia kwamba siku hiyo mkono wake ulikuwa umetundikwa kwa kitambaa shingoni. Shangazi yake anakana: mkono haukuwa na jeraha lolote. Perec hafuti kumbukumbu kwa sababu ni ya uongo. Anaiacha pamoja na makanusho yake, kisha anakuonyesha vitu vinavyofanana: parachuti, kanda, kitambaa. Vyote vinaning'iniza, vinashikilia kitu kisianguke. Jeraha halikuwapo mkononi, lakini lilikuwapo mahali.

Na sura ya 8 usiipite mbio. Pale ameweka maandishi yake ya zamani kuhusu wazazi, halafu akayatundikia maelezo yenye namba yanayosahihisha majina, tarehe, na mambo aliyoyapamba. Ukisoma maandishi bila maelezo umesoma yale ambayo mwandishi mwenyewe ameyakataa.

Nafundisha Kifaransa na najaribu kuwafasiria wanafunzi wangu kurasa chache za Duras na Ernaux. *Je* na *elle* vinanitoa jasho, na *on* ndiyo kabisa. Mnashauri nini?
*Mwalimu, Mombasa*

Mwalimu, tatizo lako ni la kweli na halina dawa moja.

Tuanze na Marguerite Duras, *L'Amant*, kitabu cha 1984 kilichopata tuzo ya Goncourt mwaka huohuo. Msichana anavuka mto Mekong kwa feri, amevaa kofia ya kiume yenye utepe mweusi na viatu vya visigino vya rangi ya dhahabu. Picha hiyo, anasema, ilistahili kupigwa na haikupigwa. Kitabu kizima kinaizunguka picha isiyokuwapo, mara kwa *je* ("mimi"), mara kwa *elle* ("yeye" wa kike), wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Kwa Kifaransa badiliko hilo linasimama wazi kama neno kamili. Kwetu sisi limebebwa na kiambishi: *nimesimama kwenye feri, amevaa kofia.* Jicho likipepesa umelipoteza. Tena *elle* walau inatuambia ni mwanamke. Kiambishi *a-* hakisemi hata hilo, na ndani ya kitabu kuna mama, kaka wawili na mpenzi Mchina. "Anamtazama": nani anamtazama nani?

Usiokoe hali kwa kupachika "mimi" na "yeye" kila sentensi. Katika Kiswahili hayo ni maneno ya mkazo, msomaji atadhani kuna ubishi. Mahali *je* inapogeuka *elle*, mpe msichana jina la kumwita, mfano "yule msichana", katika sentensi ya kwanza ya badiliko, kisha endelea na *a-*. Jina hilo lishike hadi mwisho. Ukianza "msichana", ukaja "binti", ukamalizia "kigoli", wanafunzi watahesabu watu watatu. Mahali Duras anapobadili nafsi katikati ya aya, jizuie kuivunja aya. Mshtuko ni sehemu ya kazi.

*On* ya Annie Ernaux, yaani "mtu" au "watu" bila kutaja nani, na mara nyingi "sisi", ni ngumu zaidi. *Les Années* (2008) inapita kutoka miaka ya 1940 hadi karne hii bila kusema *je* kwa habari za mwandishi. Mwanamke kwenye picha ni *elle*. Kizazi chake ni *on* na *nous* ("sisi"). Picha zinaelezwa kwa maneno, hazikuchapishwa: nguo, mkao, nani amekatwa ukingoni. Ernaux mwenyewe huita njia hiyo tawasifu isiyo ya mtu mmoja.

Mbele ya *on* una milango minne. Chukua sentensi yetu ya mfano, watu na kuku wa Jumapili. "Tulikula kuku" inamwingiza msomaji mezani, ila inafanana na *nous*. Basi *nous* iachie "sisi" au "sote", *on* iachie *tu-* peke yake. "Watu walikula kuku" inamtoa msimulizi nje, na mara nyingi ni kumtoa mno. "Aliliwa kuku" inafaa amri na desturi za wakubwa. Mlango wa nne ndio tunaoupenda: *hu-*. "Jumapili huliwa kuku, redio hufunguliwa saa saba, mtoto hasemi." Kiambishi *hu-* hakina nafsi wala hesabu, anayetenda amefutika na tabia imebaki. Kifaransa hakina kitu kama hicho. Hatari yake ni kwamba huvuta mambo kuja wakati wa sasa, kwa hiyo mwanzo wa aya funga wakati: "Miaka ile". Na usilitumie aya nne mfululizo, litageuka sauti ya kitabu cha mila na desturi.

Nataka kuandika maisha yangu kwa vipande kama hao. Niandike vingapi, virefu kiasi gani, nivipange vipi?
*Mwandishi chipukizi, Arusha*

Andika vipande 40, kila kimoja nusu ukurasa hadi ukurasa na nusu. Hiyo inakupa kijitabu cha kurasa 50 hivi ukihesabu nafasi tupu, na inatosha kuona kama njia inakufaa. Kila kipande kiandike kwenye karatasi yake. Usivipange mpaka vifike 30.

Adui yako wa kwanza ni *-ka-*. "Baba akaondoka. Tukahamia Moshi. Mama akaanza kushona." Kiambishi hicho ni gundi: kinatangaza kwamba hili lilifuata lile, na mara nyingi kwamba lilitokana nalo. Ukikata maandishi ya *-ka-* kwa nyota na nafasi, umekata hadithi ya kawaida kwa mkasi tu. Kipande kinahitaji kusimama: "Baba aliondoka." Nafasi. "Cherehani ya mama: nyeusi, mguu mmoja wa meza umefungwa waya." Msomaji mwenyewe ataunganisha, na kiungo chake kitakuwa na nguvu kuliko chako. Ndani ya kipande kimoja *-ka-* ruksa. Kipande kisianze nayo, wala kisianze na "basi" au "baada ya hapo".

Pili, chagua kanuni moja inayoshika vipande. Ernaux ana picha. Perec ana nyuzi mbili za zamu. Nathalie Sarraute, katika *Enfance* (1983), ana sauti mbili za mtu mmoja: moja inakumbuka, nyingine inaihoji kama haijatia chumvi. Hiyo tunaipendekeza kwa anayeanza, maana sauti ya pili itakukamata kila unapopamba. Roland Barthes, katika kitabu alichojiandikia kuhusu yeye mwenyewe mwaka 1975, alipanga vipande kwa alfabeti ili visijenge hadithi, na alivuruga alfabeti hiyo pale ilipotaka kuzaa maana kwa bahati. Ukiiga hiyo kwa Kiswahili kuna mtego: ngeli zetu zinapanga kabla yako. *Kiatu, kikombe, kioo, kisima* vitakaa pamoja chini ya K, *uchungu, udongo, ugonjwa* chini ya U. Panga kwa shina la neno, au tafuta kanuni nyingine.

Kisha tandaza karatasi sakafuni na ubadilishane nafasi za vipande viwili jirani. Kama hakuna kinachobadilika popote, huna mpangilio, una rundo. Kama kipande hakieleweki kikitoka mahali pake, hicho ni sura iliyokatwa. Unachotafuta ni hali ya katikati: kinaeleweka peke yake, ila kina maana nyingine kulingana na jirani. Chagua kitu kimoja, kwa mfano ile cherehani, kirudi mara tatu, na kila kinaporudi kiwe kimebadilika: kinashona, kimeuzwa, kinaonekana kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine.

Pengo nalo lina masharti. Acha tupu mahali usipoweza kusema, si mahali ulipochoka. Msomaji anatofautisha haraka sana.

Jambo dogo la kiufundi: usitenganishe vipande kwa mistari mitupu peke yake. Mara nyingi hupotea mpangaji kurasa anapoingiza maandishi kwenye programu yake. Weka nyota moja katikati ya mstari.

Na kabla ya kwenda mbali, fungua *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* ya Shaaban Robert. Tazama jinsi anavyohama kutoka nathari kwenda ushairi anapofika kwa mambo mazito ya nyumbani kwake. Si Doubrovsky, wala hakuhitaji kuwa. Ila mshono upo, na unaonekana.

Nikiandika ukweli kuhusu mume wangu wa zamani na wakwe, naweza kushtakiwa? Huko Ufaransa wanafanyaje?
*Msomaji, Nakuru*

Huko wanashtakiwa, mama. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Madai ya Ufaransa kinampa kila mtu haki ya faragha ya maisha yake, na neno "riwaya" jaladani si kinga. Mwaka 2003 mume wa mwandishi Camille Laurens alikwenda mahakamani kupinga *L'Amour, roman*, akashindwa. Mwaka 2013 mahakama ya Paris iliamuru Christine Angot na mchapishaji wake wamlipe euro 40,000 mwanamke aliyejitambua katika *Les Petits*, ingawa jina lake halikutajwa. Alitambulika kwa mambo mengine ya maisha yake, na ndilo kosa la kawaida: mwandishi hubadili jina, akaacha kazi, mtaa, idadi ya watoto na tarehe ya talaka.

Kwenu Kenya faragha inalindwa na ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, na kashfa ni kesi nyingine ya pembeni. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote muswada, chukua kila mtu aliye hai, mwandikie orodha ya mambo yanayomtambulisha, na ubadilishe angalau matatu, jina likiwa la nne. Watoto wadogo watoe kabisa au wasiwe na umri. Ugonjwa, mambo ya chumbani na kesi za mahakamani za mtu mwingine usiyaguse bila idhini yake ya maandishi. Yako wewe, mwilini mwako na kichwani mwako, ni mali yako. Halafu mpe wakili asome kurasa zilizobaki na shaka, si kitabu kizima, utapunguza gharama.